Je, Wajua? Bafu Linalopashwa Joto Kutoka Chini

Je, wajua kwamba rejeta haiko kwenye gari tu? Katika nchi za baridi hutundikwa ukutani, maji ya moto kutoka kwenye boila yakizunguka ndani yake. Siku hizi wapo wanaoing'oa bafuni na kulaza mabomba ya plastiki chini ya vigae.

Wajua kwamba si jambo jipya? Warumi walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu za mabafu yao zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wakorea wana ondol: zamani moto uliwashwa pembeni, moshi ukapita chini ya mawe ya sakafu, watu wakalala juu yake. Msanifu Frank Lloyd Wright alilionja joto hilo Tokyo, na mwaka 1937 nyumba ya Jacobs aliyoichora huko Madison, Wisconsin, ilikuwa na mabomba chini ya sakafu.

Rejeta nyingi za zamani hutaka maji ya nyuzijoto 70 hivi. Sakafu, kwa kuwa ni pana, hutosheka na 35 au 40. Ndiyo maana hufungwa vali ya kuchanganya maji ya moto na yaliyopoa. Bila hiyo utaunguza nyayo.

Wengi hukosea kwenye hesabu. Kanuni za Ulaya huruhusu sakafu ya bafu ifike nyuzijoto 33, sebule 29. Kwa nyuzijoto 33, chumba kikiwa na 24, mita moja ya mraba hutoa wati 100 hivi. Sasa chukua bafu la mita 4 za mraba, toa sinki la kuogea na kabati, zibaki mita 2.5: wati 250! Rejeta ya kawaida hutoa zaidi ya hapo mara mbili au tatu. Kuta zikiwa zinavujisha joto, nyayo zitachekelea huku mabega yanatetemeka. Mimi ningebakiza kirejeta kidogo cha kuanikia taulo.

Wajua kwamba hewa ya oksijeni hupenya plastiki na kutia kutu boila ya chuma? Nunua mabomba yenye utando wa kuizuia.

Saruji ya kufunikia mabomba hungojewa siku 21 kabla ya kupashwa moto. Lakini kabla ya kuimwaga, jaza mabomba maji, pima presha, kisha piga picha. Fundi wa choo akija kutoboa sakafu na drili yake, mwonyeshe picha hiyo kwanza.