Mfanyabiashara, lipime tela kabla lami haijaisha

WAFANYABIASHARA wanaovusha bidhaa kati ya Kenya na Ethiopia wameizoea lami ya Isiolo hadi Moyale. Lakini anayeiacha lami hiyo Marsabit kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr hukutana na mawe ya volkano, kisha mchanga wa jangwa la Chalbi. Huko gereji ni chache, na tela lililonunuliwa kwa kutazama rangi na bei laweza kumeza faida ya safari nzima.

Uzito kwanza

Tela lenye kilo 600 likiwa tupu, na lisiloruhusiwa kuzidi kilo 1,500, hubeba kilo 900 tu. Maji lita 100 ni kilo 100. Tairi la akiba, turubai na jeki navyo vihesabiwe. Takriban asilimia 10 ya uzito wote, yaani kilo 150, inafaa ilalie kiungo cha kuvutia. Ikipungua sana, tela huyumba. Ikizidi, pikapu huinua pua na usukani kuwa mwepesi. Kilo hizo hutolewa pia kwenye mzigo wa pikapu yenyewe.

Matairi na springi

Chagua tela ambalo matairi yake yanaingiliana na ya pikapu: ukubwa uleule na matundu ya nati yaleyale. Hapo tairi moja la akiba huokoa vyombo viwili. Upana kati ya magurudumu nao ulingane, ili kwenye mchanga tela lifuate njia iliyokwisha kushindiliwa.

Springi za vyuma vya kupangwa huonekana za kizamani, lakini kimoja kikivunjika fundi wa mji mdogo anaweza kukibadilisha. Ekseli yenye raba ndani hulainisha mwendo, ila ikiharibika haitengenezeki njiani.

Kiungo kiwe cha kuzunguka pande zote, maana kwenye korongo pikapu na tela hulala kila kimoja upande wake. Minyororo ya usalama isikosekane.

Kabla ya kulipa

Lala chini uangalie nyufa penye viungo vya kuchomelea. Linganisha namba ya shasi na ya kadi ya usajili, kwani zikitofautiana utakwama mpakani. Kisha omba kulijaribu likiwa na mzigo, kilomita chache za barabara ya vumbi, usimame na kusogeza mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, beringi yake ina shida. Muuzaji akikataa jaribio hilo, tafuta tela jingine.