Nakala Tatu, Kanzidata Moja

Mwezi mpya ukianza, zahanati za wilaya ya Rungwe hujumlisha vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: waliozaliwa, waliochanjwa, waliopimwa malaria. Jumla huandikwa kwenye fomu, fomu zikapelekwa Tukuyu, makao makuu ya wilaya, kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ulioenezwa nchini kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimu wa masika, barabara ya kutoka Masoko au Kisondela ndiyo huamua fomu ifike lini.

Mafundi wa mifumo siku hizi hupenda kufunga programu ya namna hii ndani ya kontena na kuikabidhi kwa Kubernetes, programu ya kusimamia kontena iliyotolewa na Google mwaka 2014. Andiko la mradi husomeka vizuri: nakala moja ya programu ikifa, nyingine inainuka, watumiaji wakizidi, nakala zinaongezwa. Ni kweli, kwa upande wa programu. Kanzidata ina mambo yake.

DHIS2 isipoguswa mpangilio, kila nakala yaweza kufungua hadi miunganisho 80 kwenye kanzidata. PostgreSQL, kanzidata ambayo DHIS2 hutumia, ikiachwa ilivyosakinishwa, hupokea 100. Nakala moja inatosha humo. Ukiinua tatu kwa sababu wilaya zote zinaingiza takwimu wiki ileile, zinaweza kudai 240, na wanaochelewa wanarudishwa mlangoni. Kwa hiyo hatua iliyopangwa kupunguza msongamano ndiyo inayouongeza, tena siku ambayo mfumo unahitajika zaidi. Kontena la kanzidata nalo, lisipopewa diski ya kudumu, likifutwa linaondoka na kila kitu.

Kuna lingine ambalo maandiko ya miradi hulipita. Chati za DHIS2 husomwa kwenye majedwali ya uchambuzi yanayotengenezwa upya kwa ratiba, aghalabu usiku. Mtu wa Tukuyu akiingiza takwimu asubuhi na kufungua chati mchana, anaweza asizione. Ataziingiza tena, au atapiga simu, na hakuna kilichoharibika.

Kwangu, kilichoifaa Rungwe zaidi ni jambo dogo: intaneti ikikatika, fomu ya DHIS2 huhifadhi tarakimu kwenye kivinjari hadi mtandao urudi. Aliyelibuni alifikiria mtumiaji wa mwisho kabla ya kufikiria seva.

Na wiki ya takwimu ikipotea, makaratasi yapo, yatanakiliwa upya. Hospitali inayoandika taarifa za kila mgonjwa moja kwa moja kwenye kompyuta, bila faili la karatasi, haina pa kunakilia. Ndiyo maana katika andiko la mradi ningetafuta kwanza ukurasa unaosema nani atarejesha kanzidata kutoka nakala rudufu, kwenye mashine ipi, kwa saa ngapi, na lini mara ya mwisho alijaribu. Idadi ya nakala za programu ningeisoma baadaye.