Ganzi ya Shingoni na Umeme wa Moyo

Kuna watu wanaovunjika mkono, mfupa ukaunga vizuri, plasta ikatolewa, picha ya eksirei ikaonyesha hakuna tatizo, lakini mkono ukaendelea kuwaka kama uliomwagiwa maji ya moto. Vidole huvimba, ngozi hubadilika rangi, hata shuka likiugusa usingizi hauji. Miongoni mwa tiba wanazoweza kupewa ni sindano ya ganzi shingoni, na hapo ndipo moyo unapoingia katika habari za mkono.

Sindano hiyo hulenga fundo la neva liitwalo stelati, lililo chini ya shingo karibu na ubavu wa kwanza, moja kila upande. Neva zake ni za ule mfumo unaojiendesha bila kuamriwa: hubana mishipa ya damu, hutoa jasho, na huuhimiza moyo uende mbio mtu akishtuka. Daktari wa usingizi huiongoza sindano kwa ultrasaundi asije akatoboa mshipa wa damu, kisha huingiza mililita chache za dawa. Muda si mrefu kope la upande huo hulegea, mboni husinyaa, pua huziba, na kiganja kilichokuwa baridi hupata joto. Mgonjwa ambaye hakuelezwa mapema anaweza kudhani amepata kiharusi, kumbe ni dalili kwamba dawa imefika.

Fundo la kulia lina usemi zaidi kwenye kituo kinachopanga kasi ya mapigo; la kushoto huelekea zaidi kwenye misuli ya vyumba vya chini vya moyo. Ndiyo maana ganzi ya kulia inaweza kupunguza mapigo. Mwenye moyo mzima kwa kawaida hata hatambui. Lakini ambaye mapigo yake ni ya polepole tangu hapo, au anayemeza vidonge vya kuyapunguza, anapaswa kusema kabla hajapanda kitandani, hata kama hajaulizwa.

Upande wa kushoto una historia ya kushangaza. Mwaka 1916, daktari mpasuaji wa Romania, Thomas Jonnesco, aliliondoa fundo hilo kwa mgonjwa wa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, na mgonjwa akapata nafuu. Siku hizi sindano ileile ya maumivu ya mkono huchomwa kushoto kwa wagonjwa mahututi ambao umeme wa moyo umechafuka na dawa za kawaida zimeshindwa kuutuliza. Kinachoonekana kama athari kwa mmoja, kwa mwingine ndiyo tiba yenyewe.

Hatari ninayoiona kubwa iko kwingine: dawa kuingia moja kwa moja kwenye damu. Ganzi hufanya kazi kwa kuziba njia za sodiamu ambazo neva hupitishia umeme, na misuli ya moyo inazo njia kama hizo. Ganzi iitwayo lidokaini huziachia upesi, kiasi kwamba iliwahi kuwa dawa maarufu ya kutuliza mapigo yaliyovurugika. Bupivakaini, inayopendwa kwa kuwa ganzi yake hudumu, hung'ang'ania. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, George Albright, alionya kwamba mioyo ilikuwa ikisimama baada ya dawa hiyo na kuwa migumu kuamshwa. Baadaye daktari mwingine, Guy Weinberg, alionyesha, kwanza kwa panya, kwamba dripu ya mafuta husaidia kuunusuru moyo wa namna hiyo. Chumba cha sindano za ganzi kinastahili kuwa na mafuta hayo karibu, pamoja na mashine ya kufuatilia mapigo na presha, na mgonjwa asiruhusiwe kuinuka mara tu sindano inapotoka.

Wengi wakisikia haya husema heri vidonge vya maumivu. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa, na wapo wanaoimeza kwa miezi bila kupimwa hata presha. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri isitumiwe na wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, wala waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Sindano huangaliwa na daktari tangu mwanzo hadi mwisho. Kidonge cha nyumbani hakina anayekiangalia.