Reli Iliyofika Mpanda Ikasimama

Wanafunzi wengi wa Kasokola wameiona stesheni ya Mpanda, na baadhi yao wamepanda gari la moshi kwenda Tabora. Lakini ni wachache waliojiuliza kwa nini reli iliishia pale. Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, haifiki kilometa 150 kutoka Mpanda, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, wenye kuhitaji mahindi na mchele. Kama reli ingalijengwa kwa ajili ya wakulima, ingalisimama vipi karibu hivyo na maji?

Jibu ni kwamba haikujengwa kwa ajili ya wakulima. Ilijengwa kwa ajili ya risasi. Sisemi risasi za bunduki, bali yale madini mazito yatumikayo katika betri za magari. Kampuni ya Uruwira Minerals iliyachimba Mukwamba, karibu na Mpanda. Mzigo wa namna ile haubebeki kwa urahisi katika njia za matope, kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya Kiingereza ilitandika reli ya kilometa 210 hivi kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati. Ilipofika kwenye madini kazi yake ilikuwa imekwisha.

Katika miaka ya 1950 risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini makubwa yaliyouzwa na Tanganyika, ingawa haikufikia almasi za Mwadui. Mji ukakua, kazi zikapatikana. Kisha mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mgodi ukafungwa. Wenye kampuni wakaenda zao, reli ikabaki.

Tuseme kweli: kubakiwa na reli ni bahati. Kule kusini Waingereza walijenga reli ya Mtwara na Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ulivunjika mwaka 1951, na baada ya Uhuru hata vyuma vya reli viling'olewa. Yetu iliendelea kuchukua abiria, tumbaku na mahindi.

Ila mwelekeo wake haukubadilika, na hapo ndipo mkulima anapoumia. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,100. Nauli ya safari hiyo hulipwa na nani? Mnunuzi wa mjini hakubali kulipa zaidi kwa sababu tu gunia limetoka mbali; basi nauli hukatwa katika bei ya shambani. Mwenye shamba karibu na soko hupata zaidi kwa gunia lile lile, na jasho lile lile.

Wala si Mpanda peke yake. Wajerumani waliijenga reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, na Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kila moja ilitoka bandarini kwake ikaingia bara. Hizi mbili, za nchi moja, hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963, nasi tukiwa tumekwisha kujitawala.

Hata TAZARA, reli ya Uhuru iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilibidi ifuate kipimo cha zamani. Zambia ilikuwa imerithi reli za kusini, zenye upana wa milimeta 1,067, na yetu ya Kati ina milimeta 1,000. Tofauti ni upana wa vidole vichache, lakini behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Mzigo hauna budi kuhamishwa.

Siku hizi bandari mpya imejengwa Karema, na Serikali imepanga kuifikisha reli huko. Lakini reli ya zamani iliishia mjini. Gunia la Kasokola lililotaka kwenda Kalemie lilipakiwa kwenye lori, likafuata barabara mpaka ufukoni, na reli ikabaki nyuma yake, ikielekea Kaliua.