Kuchora kwa Kukaa Pamoja: Tingatinga na Wenzake

Mwalimu mwanafunzi ajiandaaye kufundisha kuchora aghalabu huwaza kwanza juu ya vifaa: karatasi, brashi na rangi. Sisi twaona swali la kwanza liwe jingine: mtoto ataketi na nani anapochora?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kwa jirani zetu wa magharibi. Mama yake alikuwa Mmakua. Hakusomea sanaa popote. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mnamo 1968 akaanza kuchora picha za kuuza. Alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba za dari, zilizokatwa mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi za mafuta zipakwazo baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, walikopita wageni wengi.

Wanunuzi walipoongezeka aliwaita jamaa na marafiki: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, na nduguye Simon Mpata. Hapakuwa na mtaala. Mwanafunzi aliketi kando ya mwenzake, akatazama jinsi ubao ulivyopakwa rangi na kuachwa ukauke, umbo la mnyama likawekwa juu yake, kisha madoadoa ya chui yakafuata. Naye akajaribu. (Wachonga vinyago wetu wa Kimakonde hufunzana vivyo hivyo, nasi twapita kando yao bila kuona kwamba hilo ni darasa.)

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi, akidhaniwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Lau angefanya kazi peke yake, ufundi ule ungezikwa naye. Wenzake waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika. Mtindo mzima sasa waitwa kwa jina lake.

Ujirani wa namna hii una hatari, nayo tusiifiche. Huko Paris, Picasso na Braque walishirikiana kwa karibu tangu mwaka 1908 hadi vita vya 1914, hata baadhi ya picha zao za 1911 ni vigumu kuzitofautisha. Kwa watu wazima waliokwisha kujua kuchora, hilo halikudhuru. Lakini katika maduka ya Dar es Salaam utamkuta twiga yule yule mara mia, kwa kuwa mnunuzi humtaka yule yule. Mpata alihamia Kenya, akapata njia yake mwenyewe. Si wote waliofanya hivyo.

Basi darasani hapa Lisekese, wapange watoto wawili wawili. Mkaa na udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji vyatosha. Kipindi cha kwanza wachore mbuzi mmoja, kila mtoto akitazama kazi ya mwenzake bila kukatazwa. Kipindi cha pili wasitazamane: kila mmoja amchore mbuzi wa kwao, alivyomwona asubuhi ile chini ya mkorosho. Kisha zitundikeni picha zote ukutani, na kabla mwalimu hajasema neno, kila mtoto aeleze ni nini alichojifunza kwa jirani yake na ni nini alichokiacha.