Ningu wa Mto Sondu: Kutaga Kunapogeuka Mtego

Masika yakikolea katika misitu ya Mau, Mto Sondu-Miriu hujaa tope na kuteremka kwa kishindo hadi Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Ningu huko ziwani huyahisi maji hayo mapya. Samaki huyu, ambaye wanasayansi humwita Labeo victorianus, hapatikani popote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria. Siku nyingi hula mwani na mabaki ya mimea kwa mdomo wake ulioelekea chini. Mto ukifurika, huliacha ziwa na kupanda mkondo kwenda kutaga.

Hutafuta nyasi za kandokando zilizofunikwa na mafuriko. Mayai huanguliwa upesi, na vifaranga hukulia humo kabla ya kushuka ziwani.

Safari ya kwenda kutaga ina hatari yake: mama hupita njia inayojulikana, katika msimu unaojulikana, na mayai yangali tumboni. Mwindaji hana haja ya kumtafuta.

Zamani wavuvi wa Nyanza waliwatega ningu kwa nyuzio na migono mtoni. Mwaka 1905 nyavu za kunasa samaki matamvuani ziliingia upande wa Kenya wa ziwa, na baadaye zikaja za nailoni. Zilipotandazwa kwenye midomo ya mito, samaki wengi walinaswa kabla hawajataga. Kufikia 1965, mtafiti Cadwalladr alikuwa akieleza jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka, akitolea mfano Mto Nzoia. Mbuta, yaani sangara, anayelaumiwa kwa kila kitu, alifurika ziwani miaka ya 1980 na kumkuta ningu keshapungua.

Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamweka ningu katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mtoni Sondu kuna jambo jingine: kituo cha umeme cha megawati 60, kilichokamilika 2008, huchepusha maji kupitia handaki la kilomita 6 hivi, na kipande cha mto kilichorukwa hubaki na maji machache.

Watafiti Rutaisire na Booth walieleza mwaka 2004 jinsi ya kumtagisha ningu kwa homoni, na taasisi ya Kenya ya utafiti wa uvuvi, KMFRI, imemzalisha katika kituo chake cha Kegati, Kisii. Hata hivyo, kifaranga wa bwawani akiachiwa ziwani, siku moja atahitaji kuupanda mto. Kenya hufunga uvuvi wa omena (dagaa) kuanzia Aprili hadi Julai. Ningu anahitaji kinga kama hiyo kwenye midomo ya mito, pamoja na nyasi za mafuriko ambazo hazijalimwa.