COURLIS: NDEGE MOJA AMA NDEGE TATU?

Neno "courlis" lilileta mabishano makali kwetu mwaka wa sita. Lilipatikana katika somo la Kifaransa, na mwalimu akauliza: ni ndege gani? Wenzetu wa Butembo wakajibu mara moja: ni ile ndege kubwa ya rangi ya majivu, yenye mudomo wa kupinda, inapita juu ya manyumba asubuhi na kupiga kelele "haa-daa-daa". Wale wa Kyavinyonge wakakataa kabisa: courlis iko na macho makubwa ya manjano, inalia usiku kando ya Ziwa Edouard. Kidogo tu tugombane.

Basi tukatafuta. Kumbe wote tulikosa! Ile ya Butembo ni ibis hagedash, si ya jamaa ya courlis hata kama mudomo unafanana. Ile ya ziwani inaitwa oedicnème, na mudomo wake ni mufupi. Lakini musiwacheke wenzetu wa ziwani, maana Wafaransa wenyewe walimwita ndugu yake wa Ulaya "courlis wa nchi kavu", kwa kuwa kilio chao kinakaribiana.

Courlis wa kweli anazaa Ulaya na Urusi, mayai 4 chini katikati ya majani. Baridi ikikaribia anaruka kuja kusini. Wale wanaofika Afrika ya Mashariki wanapenda pwani ya Kenya na Tanzania, mbali na sisi. Mudomo wake unaweza kufika sentimeta 15, na wa jike ni murefu kuliko wa dume. Anauingiza katika matope na kutafuta kaa na minyoo kwa kugusa tu, kwa sababu ncha yake inasikia, tena inaweza kufunguka peke yake kule chini.

Na jina? Wafaransa na Waingereza walifuata sauti yake: "kur-lii". Wataalamu wakaangalia mudomo, wakamwita Numenius arquata: neno la kwanza linatoka kwa Wayunani, ni mwezi mupya, la pili ni la Kilatini, kupinda kama upinde. Watu wa pwani wanasema sululu, na sululu ni pia kile chombo cha kuchimbia udongo mugumu. Mwenye kukiona anaelewa bila kufundishwa.

Jamaa hii iko na kilio. Ndugu mumoja, courlis wa mudomo mwembamba, alionekana kwa hakika mara ya mwisho Maroko mwaka 1995. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba amekwisha duniani. Jina limebaki, mwenyewe hayuko.

Kwetu ni kinyume: ile ndege ya usiku iko, inalia, lakini katika darasa letu hakuna aliyeweza kutaja jina lake la Kinande. Ninyi mutakaokwenda Kyavinyonge ama Ishango wakati wa likizo, muulize wazee, muandike vile wanavyotamka, na mutuletee karatasi mbele ya kupiga stensili ya toleo lijalo.